Jambazi Mwenye Deraya ya Bei Mbaya: Mapigano na Hadithi Katika The Elder Scrolls

Tarehe 22 Aprili 2025 kampuni ya Bethesda iliitangaza Oblivion, gemu ya mfululizo wa The Elder Scrolls, ikiwa imefanyiwa ukarabati na kuiachia sokoni siku hiyohiyo. Gemu yenyewe ni ya mwaka 2006. Sura imebadilishwa kwa msaada wa studio ya Virtuos, mifupa imebaki ileile, na pamoja nayo yamefufuka mabishano ya karibu miaka ishirini. Mmoja anasema mapigano yake yameharibika, kwamba kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kupigwa. Mwingine anamjibu kuwa hajui kucheza. Wa tatu anaingia na kauli ambayo kila mpenzi wa gemu za mfululizo huu ameshaisikia: Morrowind ina hadithi, Skyrim ina mapigano, Oblivion iko katikati.

Kauli hiyo ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu inachukulia mapigano na hadithi kama mambo mawili yasiyojuana. Katika mfululizo huu yanajuana sana. Namna gemu inavyompima adui nguvu ni njia yake ya kukwambia wewe ni nani katika ulimwengu ule, na mara nyingi kinachosemwa na upanga kinapingana na kinachosemwa na vinywa vya wahusika. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa bila kujua wamechanganyikiwa na nini.

Tuanze na maneno. Gemu hizi ni za aina ya RPG, yaani gemu ambamo unajitengenezea mhusika, unamchagulia asili, kazi na stadi, kisha unamkuza polepole kwa kucheza. Mhusika ana levo, namba inayoonyesha amekomaa kiasi gani. Mizani ya mapigano ni uwiano kati ya nguvu zako na za wanaokupinga: pigano linakudai akili, au unashinda huku unasinzia, au huna njia kabisa? Hadithi nayo ina sehemu mbili. Kuna kisa kikuu kilichoandikwa na watengenezaji, na kuna visa vidogo vinavyozaliwa wewe mwenyewe ukizurura. Neno la mwisho ndilo lenye kesi: upimaji wa maadui kwa levo yako. Maana yake, gemu inatazama kwanza umefika levo ya ngapi, ndipo inaamua utakutana na nani na atakuwa amevaa nini.

Fikiria mwenye duka asiyebandika bei. Anakuangalia mfukoni ndipo anataja bei ya unga. Ukiingia na elfu mbili, unga ni elfu mbili. Ukipata kazi nzuri ukarudi na elfu hamsini, unga uleule ni elfu hamsini. Hutakosa unga hata siku moja, lakini pia hutaona faida ya ile kazi nzuri. Upimaji wa maadui unakupa vyote viwili kwa mpigo, uhakika na uchungu.

Kwa asiyeufahamu mfululizo wenyewe: Arena ilitoka mwaka 1994, Daggerfall 1996, Morrowind 2002, Oblivion 2006 na Skyrim 2011. Ipo pia The Elder Scrolls Online ya mwaka 2014, inayochezwa na watu wengi pamoja kwenye intaneti. Zote ziko katika bara la kubuni liitwalo Tamriel, kila moja ina mhusika mpya, na karibu zote zinaanza ukiwa mfungwa asiye na jina wala mali.

Arena haitatuchukulia muda. Ilipangwa iwe gemu ya vikundi vya wapiganaji wanaozunguka mji kwa mji wakishindana. Katikati ya kazi mashindano yakaachwa, ikawa gemu ya kuzurura na kupigana mapangoni, na jina likabaki kama kovu. Yaani ukoo huu ulianza na mapigano, hadithi ikafuata nyuma. Ni vizuri kulikumbuka hilo unapomsikia mtu akidai kwamba zamani hadithi ilikuwa kila kitu.

Daggerfall ilikuja na kichekesho kizuri. Ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana: unaamua mwenyewe nani akabidhiwe nguvu ya kuliendesha lile jitu la chuma liitwalo Numidium, na kila atakayekabidhiwa anaibadili ramani ya siasa kwa namna yake. Ilipofika zamu ya Morrowind, waandishi walilazimika kuamua mwisho upi ndio wa kweli. Wakakataa kuchagua. Waliandika kwamba wakati wenyewe ulivunjika katika eneo lile, na miisho ile yote ikatokea kwa pamoja. Unaweza kuuita ujanja wa mwandishi aliyebanwa, lakini ulikuwa na heshima ndani yake: hakuna mchezaji aliyeambiwa kwamba alichokifanya hakikutokea.

Sasa Morrowind, gemu ambayo inasemwa vibaya na vizuri kupita inavyochezwa.

Mchezaji wa leo akiiingia, anakuta kaa wa ufukweni, anachomoa kisu, anapiga. Kisu kinapita mwilini mwa kaa, anakiona kwa macho yake, na hakuna kilichotokea. Anapiga tena. Hakuna. Anafunga kompyuta na kutangaza kwamba gemu ni mbovu. Ukweli ni kwamba mapigano ya Morrowind yanaendeshwa na dadu isiyoonekana. Kila unapopiga, gemu inajumlisha ustadi wako wa silaha hiyo, wepesi wako, kidogo ya bahati yako, kisha inaangalia una pumzi kiasi gani. Kutokana na hayo inapata nafasi yako ya kufikisha pigo, na adui naye ana hesabu yake ya kukwepa. Mkono wako kwenye kipanya hauna neno. Mhusika wako ndiye anayejua au asiyejua kupigana, na mwanzoni hajui. Tena ukimfikia adui mbio, pumzi imekwisha, nafasi yako imeshuka zaidi. Watu wengi wanaoilaumu silaha walipaswa kuilaumu miguu.

Kama mizani, huu ni mfumo mkali na una kasoro moja ya wazi: macho yanaona pigo limefika, hesabu inasema halikufika, na mchezaji anahisi kudanganywa. Kama hadithi, unafanya kazi kubwa. Umeshushwa melini katika kijiji cha Seyda Neen, mfungwa aliyeachiwa kwa amri ya mfalme wa mbali, na dunia inakutendea kama mtu wa aina hiyo. Unapompelekea Caius Cosades, jasusi wa mfalme, kifurushi chake mjini Balmora, anakupa sarafu 200 na kukwambia, kwa kifupi, uende ukajifunze maisha, ujiunge na chama fulani, upate uzoefu. Katika gemu nyingine maneno kama hayo ni mapambo. Hapa ni ushauri wa kweli, maana usipoufuata utauawa.

Hapo lazima nivunje imani moja iliyoenea. Morrowind haikosi upimaji wa maadui. Wanyama wa porini na baadhi ya vitu kwenye masanduku hutokana na orodha zinazoangalia levo yako. Tofauti ni kwamba watu, ngome na hazina nyingi muhimu ziliwekwa kwa mkono na hazikusubiri ukue. Mwenye nguvu ana nguvu siku ya kwanza na siku ya mwisho. Ukipotea njia ukaingia pango la wachawi ukiwa levo ya 2, unatoka mbio, na pango hilo linageuka kisa: ipo siku nitarudi. Ukirudi levo ya 15 na kuwafagia wote, hakuna mwandishi aliyekuandikia kulipiza kisasi. Mizani ndiyo iliyokuandikia.

Mfano mzuri kuliko yote uko hatua chache tu kutoka Seyda Neen. Unatembea barabarani, unasikia ukelele, mtu anaanguka kutoka mbinguni na kufa mbele yako. Anaitwa Tarhiel. Mwilini mwake kuna kitabu cha kumbukumbu na hati tatu za uchawi zinazoongeza uwezo wa kuruka kwa pointi 1000 kwa sekunde saba. Ukisoma hati moja na kuruka, unavuka nusu ya kisiwa hewani. Kisha sekunde saba zinakwisha ukiwa bado juu, unaanguka, unakufa kama yeye. Mtengenezaji mwoga angepunguza nguvu ya hati hizo mpaka zisimuue mtu. Hawa waliziacha zikiwa zimevunjika makusudi, wakaweka maiti kuwa onyo. Baadaye unagundua kwamba hati ya pili inaweza kusomwa kabla tu ya kutua, na sasa una usafiri. Ukiniuliza hapo mapigano, mizani au hadithi ni ipi, sijui nikukatie wapi.

Kisa kikuu kinakwenda na falsafa hiyohiyo. Inasemekana wewe huenda ni shujaa Nerevar aliyezaliwa upya, na huenda ni mtu tu ambaye dola ilimwokota kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa inafanana na utabiri. Gemu haikupi uhakika. Katika pango moja unakutana na mizimu ya waliojaribu kabla yako wakashindwa, kila mmoja akiwa na maelezo yake ya jinsi alivyokufa. Hadithi inayokiri kwamba wateule wanaweza kushindwa inahitaji mapigano ambamo kushindwa kunawezekana. Hata wahusika muhimu wanaweza kuuawa na mkono wako. Ukimuua mmoja wao, ujumbe unakueleza kuwa uzi wa utabiri umekatika, na kukuachia uamuzi: rudi pale ulipohifadhi mchezo, au endelea kuishi katika dunia uliyoiharibu.

Kuelekea mwisho, lakini, mizani ya Morrowind inaporomoka. Utengenezaji wa dawa unaruhusu unywe dawa ya kuongeza akili, kwa akili hiyo utengeneze dawa kali zaidi, uinywe nayo, na hivyohivyo mpaka namba zinapoteza maana. Kuna watu wanaoimaliza kwa dakika chache. Dagoth Ur, adui mkuu, anaongea vizuri mno kabla ya pigano, anakuuliza maswali yenye uzito, kisha anapigwa kirahisi na yeyote aliyezurura vya kutosha. Wengi wanasamehe kwa kuwa hadithi imeshakwambia umekuwa kiumbe wa kutisha. Mimi nasamehe nusu. Adui aliyejengwa kwa saa hamsini alistahili zaidi ya pigano la dakika mbili.

Oblivion ilizaliwa kutokana na malalamiko hayo. Watengenezaji walitaka uende popote wakati wowote bila kufa hovyo mwanzoni wala kuchoshwa na urahisi mwishoni. Wakaamua kumpima karibu kila mtu kwa levo yako. Tatizo si kwamba walipima. Tatizo ni upana wa kipimo chenyewe.

Chukua majambazi wa barabarani. Ukiwa levo ya 1 wamevaa ngozi na kushika silaha duni za chuma. Ukipanda vya kutosha, majambazi walewale, katika mapango yaleyale, wamevaa deraya ya kioo, ile ya kijani ambayo Morrowind iliifanya hazina ya kutafutwa kwa siku nyingi. Mmoja wao anakusimamisha na kudai sarafu 100. Deraya aliyoivaa ina thamani ya maelfu. Hapo mizani imefaulu, pigano linakusumbua kama ilivyokusudiwa, na hadithi imeanguka kifudifudi, kwa sababu mtu mwenye mali ile angeiuza akanunua shamba.

Kibaya zaidi ni jinsi levo yenyewe inavyopandishwa. Mwanzoni unachagua stadi kuu 7 kati ya 21. Stadi hizo zikipanda mara 10 kwa jumla, ukilala unapanda levo. Gemu haiulizi ni stadi zipi. Mtu aliyechagua kukimbia, kuruka na kuongea vizuri na watu anapanda levo kwa kurukaruka sokoni, na huku nje maadui wanapanda naye, wakati yeye hajajifunza kushika upanga. Hivi ndivyo mchezaji anavyodhoofika kwa kukua. Si kweli kwamba hajui kucheza. Alicheza kama alivyoalikwa kucheza, akafungiwa mlango baadaye.

Waliogundua mtego huu waliishia kucheza kama makarani. Kila levo inakuruhusu kuongeza sifa tatu za mwili, na ukubwa wa nyongeza unategemea umeongeza stadi ngapi zinazohusiana na sifa hiyo. Ukitaka nyongeza ya juu kabisa, ambayo ni 5, unahitaji stadi za sifa hiyo ziwe zimepanda mara 10 kabla hujalala. Basi watu wakawa na karatasi na kalamu pembeni, wakijizuia kulala, wakimwacha panya awaume ili ustadi wa deraya upande. Wengine walikwenda upande wa pili: wakakataa kulala kabisa na kumaliza kisa kikuu wakiwa levo ya 1 au 2, kwa kuwa maadui nao walibaki wachanga. Ulimwengu unaotishiwa na mashetani wa Daedra unaokolewa kwa kukosa usingizi.

Pamoja na hayo, kuna mahali upimaji huu unaikubali hadithi kuliko watu wanavyosema. Mji wa Kvatch unachomwa moto mapema katika kisa, na kila anayekutuma anakusihi uende sasa hivi. Ukitii, ukafika ukiwa mchanga, malangoni unakuta vishetani vidogo na mnaushinda usiku ule pamoja na askari waliobaki. Ukipuuza, ukazurura miezi ukichuma maua, unafika levo ya 20 na zaidi na kukuta majitu yenye vichwa vya mamba. Aliyefuata hadithi amepewa pigano la haki, aliyeipuuza ameadhibiwa. Kasoro ni kwamba hakuna anayekueleza kwamba hiyo ni adhabu. Mji unakusubiri ukiwaka moto bila kuteketea, na wewe unadhani gemu imeharibika.

Mgongano mkubwa uko kwenye mwisho, na ni ajabu hauzungumzwi zaidi. Kisa kikuu cha Oblivion ni kinyenyekevu. Wewe si mteule. Mteule ni Martin, kasisi anayegundua kuwa ni mtoto wa mfalme. Sauti yake ni ya Sean Bean, na ya baba yake, Uriel Septim, ni ya Patrick Stewart. Pigano la mwisho dhidi ya Mehrunes Dagon, mkuu wa mashetani, hulipigani wewe. Martin anaivunja hirizi ya wafalme, anageuka joka, anamaliza kazi na kufa, na wewe unasimama pembeni ukitazama. Ni hadithi kuhusu mtu anayemsindikiza shujaa. Lakini kipimo cha maadui kinasema kinyume chake: kila jambazi, kila mbwamwitu, kila mlango wa jehanamu umejipanga kukuzunguka wewe peke yako. Mdomo unasema wewe ni msindikizaji, hesabu inasema wewe ni jua.

Sehemu za Oblivion zinazokumbukwa kwa mapenzi ni zile ambazo hazikuhitaji mizani kabisa. Kazi za kundi la wauaji, Dark Brotherhood, zilizoongozwa na Emil Pagliarulo, ni mfano. Katika moja unafungiwa ndani ya nyumba mjini Skingrad pamoja na wageni watano wanaodhani wamealikwa kutafuta sanduku la dhahabu. Kazi yako ni kuwaua mmoja mmoja huku ukijifanya mgeni mwenzao. Wanaobaki wanaanza kushukiana, na wanakuomba wewe ushauri. Levo yako ni ya ngapi? Haijalishi, na ndiyo maana inakumbukwa.

Skyrim ilijifunza. Upimaji haukuondolewa, ulifungwa kamba. Maeneo yake yana mipaka, kuna levo ambayo maadui wa hapo hawashuki chini yake na mara nyingi kuna ambayo hawaivuki, na mara unapoingia eneo kwa mara ya kwanza kipimo chake kinagandishwa. Kwa hiyo unaweza kulikimbia pango, ukue, urudi, ulikute lilivyokuwa. Nje ya mji wa Whiterun kuna majitu yanayochunga tembo wenye manyoya. Ukiyachokoza siku ya kwanza, rungu moja linakurusha mawinguni. Hilo ni somo la Tarhiel kwa wino mwingine. Sifa za mwili zilifutwa, stadi zikabaki 18, na hesabu za karani zikafa. Katika hili Skyrim inastahili sifa inazopewa.

Lakini kusema kwamba Skyrim ndiyo yenye mapigano yaliyosawazishwa ni kupitiliza. Uchawi wa kushambulia hauendi na wakati: mshale wa moto unaojifunza mapema una madhara 25, na isipokuwa nyongeza chache za ustadi utabaki hapohapo huku maadui wakiongeza uhai levo baada ya levo. Mpiga upinde anayenyata, kinyume chake, anazidishiwa madhara kila anapopiga bila kuonekana. Ndiyo sababu ya utani maarufu kwamba kila mtu huanza Skyrim akiwa mchawi au mbeba shoka, na kila mtu huimaliza akiwa amechuchumaa na upinde. Utani huo ni taarifa kamili ya mizani: ukiwa na njia ishirini, na ni moja pekee inayolipa kuliko zote, mto wote utaelekea huko.

Joka nalo lina shida. Hadithi imejengwa juu yake. Alduin ni mla-dunia, watu wanakimbia, anga inanguruma. Ila mchezaji wa mwanzo huuawa mapema zaidi na kiongozi wa majambazi mwenye shoka la mikono miwili, au na dubu, na baada ya saa kadhaa joka linaloshuka njiani linakuwa usumbufu wa kubeba mifupa. Na vyama: katika Morrowind, chama cha wachawi kiliangalia sifa na stadi zako kabla ya kukupandisha cheo. Katika Skyrim unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold ukiwa umeroga mara chache tu, mgongoni una shoka. Hakuna aliyezuiwa mlango, na cheo kimekosa uzito kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mawazo mengine yanayofaa kunyooshwa kabla hatujarudi kwenye toleo jipya. La kwanza ni kwamba kuongeza ugumu kwenye mipangilio kunawafanya maadui wawe na akili zaidi. Hapana. Katika Skyrim ngazi ya Adept ni ya kawaida. Ngazi ya Master inapunguza madhara unayotoa hadi nusu na kuzidisha unayopokea mara mbili, na Legendary, iliyoongezwa mwaka 2013, inakuachia robo ya madhara na kukuzidishia mapigo mara tatu. Adui ni yuleyule mjinga, ngozi yake tu imenenepa. La pili ni kwamba waandishi wa zamani walikuwa bora, wa sasa wavivu. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: Morrowind ilikuwa maandishi, na maandishi hayana gharama ya studio ya sauti. Tangu Oblivion kila sentensi ya mhusika ilirekodiwa, kwa hiyo sentensi zikapungua na kufupishwa. Maelekezo ya njia, yale ya kukata kushoto kwenye daraja lililovunjika, yakabadilishwa na alama kwenye dira. La tatu ni kwamba upimaji ni ugonjwa popote ulipo. The Elder Scrolls Online ilipima kila mtu kwa kila eneo mwaka 2016, na wachezaji wakafurahi, kwa sababu sasa mgeni na mkongwe wangeweza kucheza pamoja. Ulimwengu wa watu wengi hauna jua moja.

Oblivion mpya imegusa nini? Upandaji levo umetengenezwa upya. Stadi zote sasa zinachangia, na kila levo inakupa pointi 12 za kugawa kwenye sifa zisizozidi tatu, bila karatasi wala kalamu. Mtego wa kukua ukidhoofika umelegezwa sana. Upimaji wa maadui wenyewe umebaki, na deraya za kioo bado zimejaa mapangoni. Wengi walilalamika kwamba mwanzoni kati ya ngazi ya Adept na Expert kulikuwa na shimo: ya kwanza nyepesi, ya pili unampiga panya mpaka mkono unauma. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na ukishajua kwamba ugumu ni kuzidisha namba tu, unaelewa kwa nini shimo likatokea.

Anayetaka kujionea bila kununua konsoli ana njia. Arena na Daggerfall hutolewa bure, na Daggerfall imejengwa upya na wapenzi wake kwa jina la Daggerfall Unity, inakwenda vizuri kwenye laptopu ya kawaida. Morrowind inahitaji kununuliwa, lakini ukiwa na mafaili yake unaweza kutumia OpenMW, injini ya bure ambayo hata simu za Android zinaibeba. Ukianza nayo, chagua silaha moja na uiweke kati ya stadi zako kuu, usiibadilishe kwa sababu umeokota nyingine inayong'aa. Kabla ya pigano tembea, usikimbie. Na yule mtu akianguka kutoka mbinguni, chukua hati zake zote tatu, lakini usisome ya kwanza kabla hujafikiria utatuaje.